Kilo 78, sukari 6.4: kiuno, uzito na njia ya kuelekea kisukari

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 42, nauza vitenge Masasi. Nina kilo 78, urefu sentimita 156, watoto wanne. Mama yetu aliumwa kisukari mpaka alipofariki. Mwezi uliopita nilipimwa asubuhi bila kula, mashine ikasoma 6.4. Nikaambiwa si kisukari, nipunguze sukari tu. Sukari kwenye chai nilishapunguza siku nyingi. Kinachonichanganya ni mdogo wangu wa kiume: ana kilo 58, mwembamba kabisa, na yeye ndiye mwenye kisukari. Sasa unene unahusika vipi? Na kama unahusika, nipungue mpaka wapi?

Jibu: Dada, ni kweli 6.4 si kisukari, maana kwa kipimo cha asubuhi bila kula kisukari huanzia 7.0 (milimoli kwa lita). Lakini si namba ya kurudi nayo nyumbani na kulala. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 hadi 6.9 sukari imeshapanda kupita kawaida, na Wamarekani huhesabu hivyo tangu 5.6. Upo kwenye hatua ya kuelekea kisukari. Wengi walio hapo hawaambiwi kitu, na inauma, kwa sababu hapa ndipo juhudi ya kawaida inapozaa zaidi kuliko wakati wowote utakaofuata.

Kabla ya yote, hakikisha namba hiyo ni ya kweli. Mashine ya kuchoma kidole hudanganywa kirahisi. Mtu akimenya embe au akishika mabibo (matunda ya mkorosho), sukari ya tunda hubaki kwenye ncha ya kidole na kuingia kwenye tone la damu. Pamba yenye spiriti peke yake haitoshi kuiondoa. Osha mikono kwa maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo uchomwe. Stripu za kupimia nazo huharibika kopo likiachwa wazi kwenye joto na unyevunyevu, kwa hiyo usione haya kuomba uoneshwe tarehe ya kuisha muda. "Bila kula" maana yake ni angalau saa 8 kwa maji matupu. Chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari uliyokunywa alfajiri ni chakula. Na kama wiki ile ulikuwa na malaria au homa nyingine, sukari hupanda kwa muda hata kwa mtu mzima wa afya.

Rudia kipimo siku nyingine, na ukiweza omba kile cha kunywa glukosi. Ulizia hospitali ya Mkomaindo hapo hapo Masasi, au ya Ndanda, au ukishuka Mtwara mjini, ya Ligula. Utapimwa damu ukiwa hujala, utapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unywe ndani ya dakika 5, kisha ukae umetulia, bila kutembea wala kula, mpaka damu ya pili baada ya saa 2. Damu hiyo ya pili ikiwa chini ya 7.8 ni salama, 7.8 hadi 11.0 bado uko njiani, 11.1 au zaidi ni kisukari, ingawa bila dalili zozote hurudiwa kuthibitisha. Wapo watu ambao asubuhi wanasoma 6.2 na baada ya glukosi wanavuka 11, ndiyo maana nakisisitiza. Siku 3 kabla yake kula kama kawaida yako. Ukijinyima wanga siku hizo, mwili hupokea glukosi kwa mshtuko na majibu huja mabaya kuliko hali yako halisi.

Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 na hakihitaji kufunga kula. Hapa kisukari huanzia asilimia 6.5. Ni kipimo kizuri, ila huku kwetu kina kasoro: hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi umri wake wote. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au aliyetoka kwenye malaria kali anaweza kupata majibu ya chini yasiyo ya kweli, na mwenye upungufu wa madini ya chuma akapata ya juu. Hata anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa, baadhi ya mashine humkosea. Kama ukoo wenu una selimundu, mwambie mpimaji mapema.

Sasa uzito. Kilo 78 kwa urefu wa mita 1.56 ni uwiano wa 32 (kilo ukigawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe), na kuanzia 30 huitwa unene uliopitiliza. Lakini namba ambayo ningependa kuiona zaidi ni ile ambayo hukunipa: kiuno. Chukua utepe wa fundi cherehani, na dukani kwako hautakosekana. Simama, funua tumbo, tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini na juu ya mfupa wa nyonga, uzungushe utepe katikati ya sehemu hizo mbili. Usivute tumbo ndani. Pumua nje kawaida, soma. Wanawake wengi hupima pale wanapofungia kanga au sketi, na pale huwa pembamba kuliko penyewe, hivyo hujidanganya sentimita kadhaa. Kwa mwanamke, hatari huanza kuhesabiwa kwenye sentimita 80, kwa mwanaume 94. Kipimo kingine rahisi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kwako nusu hiyo ni sentimita 78.

Kiuno kina uzito huo kwa sababu mafuta ya mwilini hayafanani. Yaliyo chini ya ngozi, kwenye mapaja na makalio, hukaa kwa utulivu na kwa kiasi fulani hukulinda. Ghala la korosho likijaa, magunia huanza kurundikwa pasipostahili. Mwili nao, sehemu hizo za ngozi zikijaa, huyapeleka mafuta kwenye ini, kuzunguka utumbo na ndani ya misuli. Ini lenye mafuta huacha kuisikia insulini (homoni inayoshusha sukari), kwa hiyo huendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha wakati wewe umelala hujala kitu. Ndiyo 6.4 yako ya asubuhi inakotoka. Usiilaumu chai. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini nyingi zaidi, miaka 5, miaka 10, na katika muda huo wote vipimo vinaweza kuonekana vizuri. Likichoka, sukari hupanda, tena kwa kasi.

Hapo ndipo utakapomwelewa mdogo wako. Ukubwa wa hilo ghala la chini ya ngozi hurithiwa, na kila mtu ana lake. Wapo wanaofika kilo 100 na ini lao safi. Wapo ambao ghala hujaa wakiwa na kilo 62. Mwanaume mwenye mikono na miguu myembamba na kitambi kidogo kilichokaza yuko kwenye kundi la pili, na mizani haitamwonya. Aliyezaliwa na uzito mdogo au aliyekua na njaa utotoni naye huingia utu uzimani na kongosho dogo na misuli michache, hivyo huugua akiwa na mwili mwembamba.

Lakini jiulize pia jambo ambalo ndugu husahau: alikuwa na kilo ngapi miaka 2 kabla ya kupimwa? Sukari ikiwa juu sana humwagika kwenye mkojo na mwili huanza kujila. Pengine kisukari ndicho kilichomfanya awe mwembamba. Na kama alikuwa mwembamba tangu zamani, kliniki inapaswa kufikiria mambo mengine: kisukari aina ya 1, ambacho hakiwapati watoto peke yao, kongosho lililoharibiwa na pombe kali, na gongo ya mabibo imo humo, kifua kikuu, ambacho kisukari huongeza uwezekano wake mara 2 hadi 3. Wembamba haukumkinga yeye. Hilo halina maana kwamba unene hauna madhara kwako. Tena mna mama mmoja, na mzazi mwenye kisukari huiongeza hatari kwa kila mtoto, mnene kwa mwembamba.

Nikuulize na wewe. Kuna mtoto wako aliyezaliwa na kilo 4 au zaidi, au uliwahi kuambiwa una sukari ukiwa mjamzito? Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata cha kudumu mara 7 na zaidi kuliko mwenzake. Angalia pia nyuma ya shingo na kwapani. Ngozi iliyokuwa nyeusi, nene, laini kama velveti, ambayo watu huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, ni alama kwamba insulini imejaa kwenye damu na haisikilizwi. Pima na presha, na mafuta ya damu kama utayapata. Kiuno kipana kikiambatana na mawili kati ya haya: presha ya 130/85 au zaidi, traigliseridi ya 1.7 au zaidi, kolesteroli nzuri chini ya 1.3 kwa mwanamke, na sukari ya asubuhi ya 5.6 au zaidi, basi moyo nao uko hatarini pamoja na kongosho. La sukari tayari unalo.

Upungue mpaka wapi? Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: huhitaji kuwa mwembamba. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliotolewa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 waliokuwa kwenye hatua kama yako. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko walioachwa bila msaada huo. Waliopewa metformini (dawa ya kisukari) walipata nafuu ya asilimia 31. Wafini walikuwa wameona asilimia 58 ileile mwaka mmoja kabla, kwa watu wao. Wachambuzi wa ule wa Marekani waliona kila kilo moja iliyopungua ikiendana na hatari kushuka kwa takriban asilimia 16. Asilimia 7 ya kilo 78 ni kilo 5 na nusu. Ukifika 72 na nusu, majirani hata hawatajua. Uwiano wako utakuwa karibu 30, bado mnene kwenye karatasi, lakini ini litakuwa limeanza kupona, kwa sababu mafuta ya ini na ya tumbo ndiyo hutangulia kuondoka.

Nalijua na lile jingine. Huku mtu akipungua anaulizwa anaumwa nini, na kwa mwenye duka maneno ya watu ni biashara. Kilo 5 kwa miezi 6 hazileti maswali hayo. Kilo 15 kwa miezi 2 huyaleta, na kwa kawaida hurudi zote, kwa sababu mwili unaonyimwa ghafla huongeza njaa na kupunguza matumizi. Lenga nusu kilo kwa wiki au hata robo.

Chakula, basi. Kwa kuwa chai umeshaipunguza, tutafute kalori zilipojificha, nami ningeanza na mafuta ya kupikia. Lita moja ina takriban kalori 8,000. Familia ya watu 5 ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja amekula kama kalori 230 kwa siku ambazo hakuzihisi mdomoni. Pimeni kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Nusu lita kwa wiki inapika mboga zenu zote bila kuungua. Tui nalo lina mafuta mengi. Kisamvu, kunde na mbaazi hazihitaji tui zito la nazi mbili. Chemsha kwa tui jepesi, malizia na zito kidogo mwishoni ili ladha ibaki. Samaki wa chukuchuku anashinda wa kukaanga kwa kila hesabu.

Kinachofuata ni wanga. Ugali wa unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni ndogo mno, na huteremka upesi hivyo mtu hula mwingi kabla hajashiba. Sikwambii uache, kwa maana makopa ndiyo chakula chenyewe kwa nyumba nyingi za Masasi, Newala na Tandahimba. Nakwambia ukubwa: tonge lote la mlo mmoja lilingane na ngumi zako mbili zikiwa zimefungwa, kisha baada ya mwezi lishuke hadi ngumi moja na nusu. Uchanganye na unga wa mtama au dona ukipatikana. Pakua kwenye sahani yako badala ya kula sinia moja na wengine, maana kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Anza na mboga na samaki au mbaazi, ugali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza mruko wa sukari baada ya kula. Nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, matembele, mchicha, kisamvu. Ming'oko (viazi vya porini) hesabu kama ugali, wala usile vyote viwili. Wali vilevile.

Asubuhi ndipo wauza maduka wengi huharibikiwa. Chapati mbili za mafuta na chai ya maziwa zinaweza kufika kalori 700, nawe utakaa kwenye stuli mpaka saa 7 mchana. Chapati moja na bakuli la mbaazi au kunde, au yai la kuchemsha na kipande cha muhogo wa kuchemsha, itakushikilia zaidi. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vya chai 8 au 9, na juisi ya embe iliyotiwa sukari haipishani nayo sana. Hata juisi isiyotiwa kitu ni embe 3 bila nyuzi zake. Kula embe lenyewe, dogo, moja.

Korosho watu huniulizia kila msimu. Hazipandishi sukari kwa kiasi cha kutisha na mafuta yake ni mazuri, ila gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Kiganja kimoja, kama gramu 30, badala ya andazi la saa 4, ni faida. Bakuli mezani juu ya milo yako yote ni kilo nyingine. Mabibo yaliwe kama tunda. Uraka si tunda tena, ni pombe yenye kalori zake.

Ukifunga Ramadhani, funga tu, kwa kiwango chako cha sasa haina shida. Uharibifu huja magharibi, pale futari inapokuwa uji wa sukari, tende 7, mihogo ya nazi, tambi na vitumbua kwa mpigo. Tende 2, maji, supu au uji usio na sukari nyingi, kisha mlo mmoja wenye samaki na mboga. Mdogo wako asifunge kabla ya kuongea na kliniki, hasa kama anatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari).

Kwenye mazoezi, dakika 150 kwa wiki ni dakika 30 kwa siku 5, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Toka saa 12 asubuhi kabla jua halijawaka. Kama nyumbani na dukani ni kilomita 2, acha bodaboda upande wa kwenda. Msuli uliofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini nyingi, na athari hiyo hubaki siku moja hadi mbili, kwa hiyo usipitishe siku 2 mfululizo bila kutembea. Baada ya mlo wa jioni, dakika 10 au 15 za kuzunguka uani zina kazi yake. Mara 2 kwa wiki ongeza nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mizunguko 3 ya mara 10, na kusukuma ukuta kwa mikono. Kazi ya shamba ni mazoezi kamili, ila ni ya msimu. Wakulima wengi wa korosho hunenepa baada ya minada, fedha ikiwepo na kazi ikiwa imepungua. Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, sakafu iliyo sawa, na miezi hiyo uwe macho zaidi.

Mawili ya kuepuka, nami nayasema kwa uchungu. Vidonge vya kunenepesha au kuongeza makalio vinavyouzwa kwa siri: vyenye deksamethasoni au prednisoloni hupandisha sukari na kujaza mafuta tumboni hasa. Kama umewahi kuvitumia, au una ugonjwa unaokulazimu kutumia dawa za jamii hiyo, mwambie daktari, na usiache ghafla ulizozizoea. La pili, usinywe dawa za mdogo wako "kwa kinga". Glibenklamaidi kwa mtu mwenye sukari ya 6.4 inaweza kuishusha hadi azimie. Metformini inaweza kuzungumzwa kwako, hasa kama uliwahi kuwa na kisukari cha mimba, lakini iandikwe baada ya figo kupimwa. Mlonge kula kama mboga, ni mboga nzuri. Usiuchukue kama badala ya vipimo.

Pima kiuno leo, ukiandike. Rudia sukari ndani ya wiki 2, kisha baada ya miezi 3 ya kufuata haya, halafu kila mwaka hata ikishuka. Usisubiri tarehe ukiona kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi, macho kufifia, fangasi sehemu za siri zinazorudi kila mara, au uzito unaoshuka bila wewe kuushusha. Hapo nenda siku hiyohiyo. Na ndugu zenu wengine waliofika miaka 35, wanene kwa wembamba, waje wapimwe nao; ukienda kurudia kipimo chako, nenda nao.